Unga Usiotiliwa Shaka

Nchi yenyewe inaitwa Tulivu, na wakubwa wake wasingependa tuseme iko wapi, maana wageni wakijua watahamia wote. Ni nchi yenye dhahabu nyingi ardhini na matamko mengi hewani. Humo aliishi Sikudhani Mtepa, mkemia wa serikali, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye kasoro moja tu katika faili lake la utumishi: alikuwa na tabia ya kupima kitu kabla ya kukisifu.

Miaka minne kabla ya mambo haya, bwawa la majitaka la mgodi mmoja lilipasuka, maji yenye sayanaidi, dawa yenye sumu ya kutolea dhahabu mchangani, yakaingia mtoni, na ng'ombe mia mbili wakalala ukingoni wasiamke tena. Serikali ya Tulivu haikuleta mzaha. Ndani ya wiki moja Bunge lilipitisha Sheria ya Kukomesha Sayanaidi. Kwa kuwa iliandikwa kwa haraka, sheria hiyo ilikataza kulitamka, kuliandika na kulichapisha neno hilo, ila ikasahau kuikataza dawa yenyewe. Wakemia peke yao walipewa kibali cha kulifikiria, tena wakiwa kazini tu.

Kisha ukaja unga.

Ulikuja kwenye magunia meupe yenye picha ya jani, kipepeo na ng'ombe anayecheka. Uliitwa Rafiki wa Ardhi. Ukiumwaga kwenye tenki lenye mchanga wa dhahabu, ulitoa dhahabu ileile, kwa kasi ileile, kama ilivyokuwa ikifanya ile dawa isiyotajwa. Nyuma ya gunia, mahali pa viambato, paliandikwa: "Asili, asilimia sitini. Teknolojia, asilimia arobaini."

Waziri wa Madini na Hewa Safi, Mheshimiwa Pantaleo Ndalakwa, aliutangaza redioni kwa saa mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "unga huu ni salama kuliko maji. Maji yamewahi kuzamisha watu. Je, mmewahi kusikia mtu amezama kwenye unga huu?"

Hakuna aliyewahi kusikia. Taifa likapiga makofi.

*

Sikudhani aliletewa kopo la unga huo ili auidhinishe. Muhuri ulikuja pamoja na kopo, umeshachongwa neno SALAMA. Kazi yake ilikuwa kuugonga kwenye karatasi na kwenda kunywa chai.

Badala yake alivaa koti, glavu na miwani, akafungua madirisha, akauyeyusha unga kidogo kwenye maji. Akatia matone machache ya asidi, akaning'iniza juu yake kikaratasi cha kupimia. Kikaratasi kikageuka bluu. Akatoka nje, akavuta pumzi, akarudi, akarudia. Bluu. Mara ya tatu alichukua kikaratasi kutoka boksi jingine, kikageuka bluu iliyokoza zaidi, kama kimekasirika kwa kuulizwa jambo moja mara tatu.

Hapo akaelewa. Waliotengeneza unga walikuwa wameichukua sayanaidi, wakaifunga ndani ya mchanganyiko mwingine, wakaichorea jani. Ikiwa kavu kwenye gunia ilikaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Ikikutana na kitu kikali au kichachu ilivua nguo za kuazima, ikatoka kama gesi, na gesi hiyo haimwulizi mtu kama amesoma lebo.

Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Siku ya pili aliitwa na Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Fulgensi Tamko, mtu mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye alisifika kwa kuwa hajawahi kukataa jambo wala kulikubali.

"Bi. Sikudhani, karibu, kaa. Nimesoma ripoti yako. Kiswahili kizuri sana. Ila humu ndani umeandika neno."

"Nimeandika nilichokiona, Mheshimiwa Katibu."

"Umekiona, sawa. Lakini lazima ukiite hivyo? Huwezi kusema, kwa mfano, 'unga unatoa hali ya hewa'?"

"Kila kitu kina hali ya hewa."

"Umeona? Basi hatujadanganya." Katibu akatabasamu, akasogeza kalamu upande wa Sikudhani.

Sikudhani hakuigusa. "Mheshimiwa, mdogo wangu anafanya kazi kwenye mtambo wa Kisanga. Huo unga anaukoroga kila siku. Ripoti hii isipofika Kisanga watu watakufa."

"Itafika," alisema Katibu. "Ila kwanza ipite kwenye kamati."

Kamati iliitwa Kamati ya Kupatanisha Matokeo, kwa sababu unga ulikuwa unasema hivi na waziri anasema vile, na katika nchi ya amani mambo kama hayo humalizwa kwa mazungumzo. Ilikuwa na wajumbe kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa amesoma kemia, lakini alialikwa kama mpiga picha. Baada ya kukaa siku sita walitoa azimio: kilichothibitika kisayansi ni kwamba karatasi ni ya bluu, na hakuna sheria inayokataza karatasi kuwa ya bluu. Vikaratasi vyote vya kupimia vikakusanywa na kufungiwa kabatini kwa kosa la kubadilika rangi bila kibali. Vikaletwa vingine vya kizalendo, ambavyo havikubadilika rangi hata ukivichovya kwenye wino.

Vikaratasi kumi na viwili vya zamani havikuonekana. Sikudhani alikuwa amevitia ndani ya Biblia, kwenye Kitabu cha Hesabu, ambacho alijua hakuna mkaguzi atakayekifungua.

*

Wiki iliyofuata alitumwa Kisanga. Waziri alikuwa aende huko kuzindua rasmi Enzi ya Uchenjuaji Kijani, yaani ya kutoa dhahabu bila sumu, na protokali ilitaka awepo mkemia mmoja mwenye koti jeupe, asimame nyuma ya waziri na kutikisa kichwa panapostahili.

Mtambo wa Kisanga ulikuwa na matenki sita ya saruji, stoo moja ya mabati na jiko la wafanyakazi. Langoni palikuwa na bango: ENEO HILI NI SALAMA. WASIOAMINI HAWARUHUSIWI.

Mdogo wake alimwona kwa mbali akaja mbio. Tausi alikuwa na miaka thelathini na minane, mfupi, mchangamfu. Alipomkumbatia, Sikudhani aliihisi mikono yake mgongoni. Ilikuwa mikavu na imepasukapasuka kama tope la kiangazi.

"Glavu zenu ziko wapi?"

"Walizichukua, dada. Glavu, barakoa, mabuti, vyote. Walisema kuvaa glavu ni kuutilia shaka unga, na unga ukitiliwa shaka wawekezaji watasikia vibaya."

"Na chokaa? Nauliza hivi kwa sababu chokaa ndiyo inayozuia maji ya tenki yasiwe makali. Maji yakiwa makali, gesi inatoka."

"Chokaa ilisimamishwa. Ati ni ya utawala wa zamani." Tausi akacheka, kisha akashika paji la uso. "Kichwa hiki. Kila mtu hapa kichwa kinamuuma. Tukilalamika, msimamizi anaandika kwenye daftari 'uchovu wa maendeleo'. Wiki jana kunguru kumi na mmoja walianguka kwenye tenki namba tatu. Akaandika 'wamepumzika'."

Sikudhani alitaka kuiona stoo. Ndani, magunia ya Rafiki wa Ardhi yalikuwa yamepangwa hadi darini, na ubavuni mwake, yakigusana nayo, yalisimama madumu ya asidi inayotumika kuoshea kaboni, yale makaa yanayonasa dhahabu. Dumu moja lilikuwa linavuja taratibu kwenye sakafu.

"Nani aliviweka pamoja?"

"Kanuni. Zamani kanuni ilisema asidi isikae karibu na ile kitu. Sasa ile kitu haipo, kwa hiyo kanuni imefutwa, na stoo ya pili wamefanya ofisi ya kupokelea wageni."

Wakayahamisha madumu wenyewe, wakiwa wawili, wakaliacha lile linalovuja nje juani. Walipomaliza, Sikudhani alimketisha mdogo wake juu ya ndoo, akamweleza yote, polepole, kama anavyofundishwa mtu njia ya kutoka kwenye nyumba inayowaka.

"Kitu chochote kikali au kichachu kisikutane na unga huu. Chochote. Ukiona vimekutana, usisimame kuuliza. Kimbia."

"Na wengine?"

"Piga kelele huku unakimbia."

"Siwezi kuacha kazi, dada. Unajua."

"Sijakwambia uache kazi. Nimekwambia ukimbie."

Mpishi wa mtambo, Mzee Lameki, aliwakuta hapo akawaletea uji. Alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo la furaha, aliyesikiliza redio tangu ifunguliwe asubuhi hadi ifungwe, na aliyeamini kila kilichotoka humo, pamoja na matangazo ya sabuni. Ukutani jikoni kwake alikuwa amebandika gunia tupu la Rafiki wa Ardhi kwa ajili ya yule ng'ombe anayecheka.

"Mama mkemia, shikamoo. Naona umekuja kututhibitishia."

"Marahaba, mzee. Nimekuja kuwaambia huu unga ni sumu."

Mzee Lameki alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikia mgonjwa wa homa. "Lakini waziri amesema hata mtoto anaweza kulamba. Waziri, mama. Mtu mwenye dereva. Anaweza kweli kusema uongo mbele ya nchi nzima?"

Katika miaka yote ya maabara Sikudhani hakuwahi kukutana na swali lililomshinda kama hilo.

*

Siku ya uzinduzi, watu mia tatu walikaa chini ya mahema. Ratiba ilionyesha kwamba saa tano kamili Mheshimiwa Waziri atakunywa glasi moja ya Rafiki wa Ardhi mbele ya hadhara, kuonyesha imani.

Sikudhani alipoisoma alimtafuta Katibu Mkuu Tamko, akamkuta nyuma ya jukwaa anapangusa viatu.

"Mheshimiwa Katibu, mzuie. Najua hamnipendi, lakini akinywa kile atakufa hapohapo jukwaani."

Katibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bi. Sikudhani, jamani, unadhani sisi ni wajinga? Mheshimiwa anakunywa maji yenye rangi ya chakula. Chupa imetoka mjini kwenye gari lenye walinzi."

Tangu aandike ripoti Sikudhani alikuwa amejifariji kwamba hawa watu hawajui, kwamba siku wakielewa watashtuka. Sasa aliona kwamba alikuwa amewafundisha somo walilolifaulu zamani.

"Kwa hiyo mnajua," alisema.

"Kujua ni kazi ya wataalamu," Katibu alijibu kwa upole. "Sisi tunachukua tahadhari."

Tatizo la tahadhari ile ni kwamba ilikuwa ya siri, na Mzee Lameki hakuwa katika orodha ya wanaoambiwa siri. Yeye alikuwa amesikia redioni kwamba waziri atakunywa Rafiki wa Ardhi, akaona ni aibu mgeni anywe peke yake huku wenyeji wanamtazama. Asubuhi ile alikuwa amepika pipa zima la sharubati ya ukwaju kwa ajili ya wageni wote mia tatu. Ilikuwa na uchachu wa kukunja uso. Waziri alipopanda jukwaani na kuanza kushukuru itifaki, Mzee Lameki, kule jikoni, alikata gunia jipya kwa kisu, akabeba bakuli lililojaa, akalimimina ndani ya pipa, akainama na kuanza kukoroga kwa upendo.

Tausi alikuwa amekuja kuchukua glasi. Alimwona mzee ameinama juu ya pipa, akaliona gunia, akaunusa ukwaju, na maneno ya dada yake yakamrudia yote kwa pamoja. Kimbia, aliambiwa. Lakini mlangoni mwa jiko wasichana wanne walikuwa wameshapanga foleni na trei mikononi.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Mzee Lameki, toka hapo!"

Mzee alimgeukia akitabasamu, akataka kusema kitu, mdomo ukabaki wazi. Magoti yakamwishia, akaanguka kando ya pipa. Tausi alivuta pumzi moja mlangoni, akaibana, akaingia, akalipiga pipa teke, halikutikisika. Akalisukuma kwa bega na mwili mzima. Pipa likapinduka, sharubati yote ikamwagika hadi uani. Alitaka kumshika mzee mkono, ila pumzi ilikuwa imemwishia. Akavuta nyingine palepale, akadondoka.

Wale wasichana wakatupa trei, wakakimbia wakilia. Sikudhani, aliyekuwa nyuma ya waziri akisubiri mahali pa kutikisa kichwa, aliziona trei zikibiringika, na alipotazama nyuma yao aliona miguu ya mdogo wake imelala kwenye kizingiti.

Hakukumbuka sheria. Alijaza kifua na kutoa neno lile kwa sauti iliyofika hadi mahema ya nyuma:

"Sayanaidi!"

Na hapa ndipo mambo ya ajabu ya nchi ya Tulivu yanapofikia kilele. Wananchi waliokuwa wamefundishwa miaka minne kwamba kitu hicho hakipo, waligeuka kutazamana, wakaulizana ni nini. Lakini jukwaa kuu lilielewa papo hapo. Mheshimiwa Waziri alikuwa katikati ya sentensi inayosema "hakuna hatari yoyote", na alipofika kwenye "yoyote" alikuwa tayari ameruka maua, ameruka kamba, amempita mpiga ngoma. Nyuma yake walikuja makamishna, wakurugenzi na wajumbe wote kumi na tisa wa Kamati ya Kupatanisha Matokeo, kila mmoja amefunika pua kwa ratiba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni aina gani au imetoka wapi. Magari yaliondoka milango ikiwa wazi. Wananchi walipoona hivyo, nao wakakimbia, na hivyo kukimbia kwa waziri kuliokoa watu wengi kuliko hotuba zake zote.

Sikudhani alikimbilia upande mwingine. Alisubiri kidogo mbali na uani, upepo upite, na sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko umri wake. Kisha akabana pumzi, akaingia, akamshika Tausi kwapani, akamburuta hadi kwenye nyasi. Alirudi kwa Mzee Lameki. Alimtoa pia, lakini alipomlaza alijua.

Kwenye zahanati ya Kisanga daktari alikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Dawa ya kutibu sumu hiyo hakuwa nayo. Ilifutwa kwenye orodha ya serikali mwaka uleule wa sheria, kwa hoja kwamba dawa ya kitu kisichokuwepo ni ubadhirifu. Oksijeni ile aliivuta Tausi mchana kucha. Jioni alifungua macho, akamtambua dada yake.

"Mzee je?" aliuliza.

Sikudhani alimshika mkono uliopasukapasuka, akaufunika kwa mikono yake miwili, na Tausi hakuuliza tena.

*

Tume ya Uchunguzi iliundwa siku ya tatu. Ilifanya kazi kwa bidii na bila kumwonea mtu, isipokuwa waliostahili. Iligundua kwamba unga haukuwa na kosa lolote, kwa sababu ulikuwa umetulia kwenye gunia hadi ulipochokozwa. Mchokozi alitajwa kuwa ukwaju. Kwenye cheti cha kifo cha Mzee Lameki iliandikwa "amezidiwa na uchachu". Serikali ikapiga marufuku ukwaju nchi nzima, askari wakatumwa wilayani na misumeno, na kwa miezi miwili mtu aliyekutwa na sharubati alilala rumande. Ndimu zikawekwa chini ya uangalizi.

Mheshimiwa Waziri alitunukiwa Nishani ya Wepesi wa Kuchukua Hatua. Rafiki wa Ardhi ulibadilishwa jina ukaitwa Ndugu wa Ardhi, na yule ng'ombe kwenye gunia akaongezewa ndama.

Sikudhani alipatikana na hatia ya kulitamka neno lililokatazwa, hadharani, kwa sauti, bila kibali. Katika utetezi wake alisema sentensi moja: "Waliolielewa upesi kuliko wote ndio waliolikataza." Hakimu aliagiza sentensi hiyo isiingizwe kwenye kumbukumbu, karani akaiandika kwanza ili apate kuifuta. Sikudhani alifukuzwa kazi, akakabidhi koti jeupe, akachukua Biblia yake na kupanda basi la Kisanga.

Huko alikuta jambo ambalo Tume haikulitaja. Siku walipomzika Mzee Lameki, wafanyakazi wote sabini walitoka makaburini hadi langoni, wakakaa chini. Hawakuimba wala hawakubeba bango. Msimamizi aliwauliza wanataka nini, wakasema hawataki kitu, wanapumzika, kama kunguru. Walipumzika siku tisa, na dhahabu ikapumzika nao. Siku ya kumi glavu na barakoa zilirudi kwenye lori lisilo na namba, stoo ya pili ikaacha kupokea wageni, ikapokea asidi, na magunia ya chokaa yakashushwa bila mtu kusema yametoka wapi.

Sikudhani hakuajiriwa. Alipewa kiti karibu na tenki namba tatu, na kazi yake haikuwa na jina. Kila asubuhi alichana kipande chembamba cha kikaratasi kutoka kwenye Biblia, akapima maji, akamwonyesha Tausi na wenzake, akawafundisha kukisoma. Mkono wa kushoto wa Tausi ulikuwa unatetemeka tangu siku ile, kwa hiyo alishika vikaratasi kwa wa kulia.

Mwezi wa tano tangu mazishi akaja Katibu Mkuu Tamko mwenyewe, na gari, na amri yenye muhuri. Ilisema kwamba vifaa vya kinga katika mtambo wa Kisanga vinachafua sifa ya Ndugu wa Ardhi na viondolewe mara moja. Tausi alimfungulia lango wazi kabisa.

"Karibu ndani, Mheshimiwa. Utabandika mwenyewe. Ukuta wa stoo ndio unaoonekana vizuri."

Katibu aliitazama stoo. Akayatazama matenki, na maji yaliyokuwa yametulia ndani yake. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hapahapa panatosha," alisema.

"Kwani kuna hatari gani?" Tausi aliuliza kwa adabu. "Tuambie, Mheshimiwa, ili nasi tujue."

Wafanyakazi waliacha kazi wakasogea kusikiliza. Sikudhani alikuwa miongoni mwao. Katibu Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. Midomo ilimchezacheza, na kila mtu pale aliliona neno limefika hadi kwenye meno yake. Kisha aliiweka amri chini, juu yake akaweka jiwe isipeperuke, akaingia garini na kupandisha vioo vyote.